Muuguzi anayetetea kiti chake katika Bunge la Jimbo la Maine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaozungumza Kiswahili walioko Portland, Westbrook, Lewiston, Biddeford na kwingineko Maine, pamoja na wapiga kura wanaotaka kujua mbunge muuguzi hupimwaje anaporudi kuomba kura. Neno "jimbo" hapa ni Maine nzima. Sehemu moja inayomchagua mbunge mmoja tunaiita "wilaya".

Bunge la Maine likoje, na mbunge mmoja anawakilisha watu wangapi?

Bunge lipo Augusta na lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wabunge 151 wenye kura, Seneti ina maseneta 35. Ukigawa watu wa Maine, ambao kwa sensa ya 2020 walikuwa 1,362,359, kila wilaya ya Baraza la Wawakilishi ina watu kama 9,000. Hiyo ni idadi ndogo sana kwa Marekani. Maana yake ni kwamba mgombea mwenye miguu na subira anaweza kubisha hodi kwenye karibu kila mlango wa mpiga kura wake kati ya Mei na Oktoba. Maana yake pia ni kwamba sehemu ya wapiga kura hao aliwahi kuwapima presha, kuwafunga vidonda au kuwazalisha. Shida nyingi anazokutana nazo muuguzi mgombea zinaanzia hapo.

Muhula ni miaka miwili kwa mabaraza yote mawili. Hakuna mapumziko marefu: anayeapishwa Desemba, miezi kumi na tatu baadaye tayari anahitaji mkononi fomu za sahihi, yaani za wapiga kura wanaomdhamini agombee.

Mtu anaweza kutetea kiti mara ngapi?

Mihula minne mfululizo katika baraza lile lile, yaani miaka minane. Ukomo huo ulipitishwa na wapiga kura mwaka 1993. Hauzuii kuhamia baraza la pili, wala kurudi baada ya kukaa nje. Anne Perry, muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu na kuandika dawa kutoka Calais, mpakani na Kanada, alikaa Baraza la Wawakilishi tangu 2002 hadi 2010, akatoka, kisha akarudi kuanzia 2016 hadi 2024. Michele Meyer, muuguzi kutoka Eliot, aliingia kwa uchaguzi wa 2018. Hesabu mihula minne na utaona inamfikisha mwisho wa 2026.

Usihesabu kwa kichwa tu. Kabla ya kutangaza nia, thibitisha na ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayosimamia uchaguzi, hasa kama uliingia kwa uchaguzi mdogo katikati ya muhula.

Nimepata uraia karibuni. Naruhusiwa?

Kwa Baraza la Wawakilishi, siku muhula unapoanza uwe umeshakuwa raia wa Marekani kwa miaka 5, uwe na umri wa miaka 21, na uwe mkazi wa Maine kwa mwaka mmoja. Tena uwe umeishi ndani ya wilaya kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Kwa Seneti umri ni miaka 25. Muhula utakaofuata uchaguzi wa 3 Novemba 2026 unaanza 2 Desemba 2026, kwa hiyo cheti cha uraia kiwe cha tarehe isiyozidi 2 Desemba 2021.

Mbunge anayetetea kiti ameshavuka hayo, lakini kuna sharti linalowanasa waliomo: lazima uendelee kuishi ndani ya wilaya muhula wote. Muuguzi anayehama mtaa ili awe karibu na hospitali mpya anaweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kujua, kwa sababu mjini Portland au Lewiston mpaka hupita katikati ya barabara. Angalia ramani kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Na kwa wanaojiuliza kama mhamiaji anaweza kushinda: Novemba 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston, wote wenye asili ya Somalia, walichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi.

Tarehe zipi hazisogezwi?

Fomu za sahihi zinaanza kuzungushwa 1 Januari ya mwaka wa uchaguzi. Mgombea wa chama anazirudisha kwa Katibu wa Jimbo kabla ya saa 11 jioni tarehe 15 Machi. Asiye na chama ana hadi 1 Juni. Kura za mchujo, za kumpata mgombea wa kila chama, hupigwa Jumanne ya pili ya Juni, na uchaguzi mkuu ni Novemba.

Kwa mbunge aliyeko madarakani, ratiba hii ina ukatili wake. Kikao cha mwaka wa uchaguzi kinaanza Januari na sheria inakitaka kimalizike Jumatano ya tatu ya Aprili. Kwa hiyo sahihi na michango ya kufuzu (ile ya dola 5 ya kupata fedha za umma, tutafika huko) vinatafutwa wakati ule ule kamati zimejaa kazi, na kwa muuguzi wakati ule ule wodi zimejaa mafua. Anayengoja kikao kiishe ndipo aanze, amechelewa.

Sahihi ngapi, na kwa nini fomu hukataliwa?

Mgombea wa chama kwa Baraza la Wawakilishi anahitaji sahihi zisizopungua 25 na zisizozidi 40, kutoka kwa wapiga kura wa wilaya yake waliojiandikisha katika chama chake. Kwa Seneti ni 100 hadi 150. Asiye na chama anahitaji mara mbili: 50 hadi 80 kwa Baraza la Wawakilishi, 200 hadi 300 kwa Seneti.

Ukihitaji 25, kusanya 35. Karani wa mji hulinganisha kila jina na daftari la wapiga kura, na majina hukatwa kwa sababu zile zile kila mwaka: mtu amehama na hakubadilisha anwani, amejiandikisha bila chama akidhani yumo, au mke amemwandikia mume aliyekuwa kazini. Jambo la mwisho linatokea sana katika nyumba zetu, ambako mama mwenye nyumba ndiye anayejaza karatasi za familia nzima. Mweleze kwa upole kwamba kila mtu anaweka sahihi yake kwa mkono wake.

Aliyezungusha fomu lazima aape mbele ya mthibitishaji wa viapo (notary) kwamba sahihi ziliwekwa mbele ya macho yake. Fomu iliyoachwa kwenye meza ya chumba cha mapumziko cha wauguzi ili "kila anayepita asaini" haiwezi kuapiwa, kwa hiyo haifai kitu. Nayo pia ni kampeni mahali pa kazi, tutafika huko.

Mfuko wa Uchaguzi Safi ni nini, na unafanyaje kazi?

Ni fedha za umma kwa mgombea anayekubali kuacha michango binafsi. Wapiga kura waliupitisha 1996 na ukatumika mara ya kwanza 2000. Mwaka 2015 waliutengeneza upya, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2011, kukataza utaratibu wa kumwongezea mgombea fedha kila mpinzani wake anapotumia nyingi. Kwa mhudumu wa afya tunaona ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Makampuni ya bima, ya dawa na ya hospitali yote yana miswada katika kamati unayoweza kukaa, na ni afadhali mpiga kura asikute jina la lolote kati yake kwenye ripoti yako.

Unaanza kwa kuwasilisha tamko la nia kwenye Tume ya Maadili, yaani Tume ya Maine ya Maadili ya Serikali na Taratibu za Uchaguzi. Kisha unaruhusiwa kukusanya fedha za kuanzia: zisizozidi dola 100 kwa mtu mmoja, kutoka kwa watu tu na si kampuni, na jumla isiyozidi dola 1,000 kwa mgombea wa Baraza la Wawakilishi, dola 3,000 kwa Seneti. Hizo ndizo za kuchapisha vipeperushi vya kwanza. Usitumie zaidi ya ulichokusanya, maana deni la kipindi hicho linaweza kukuharibia ombi zima.

Halafu inakuja kazi yenyewe: michango ya kufuzu ya dola 5. Baraza la Wawakilishi linataka michango 60, Seneti 175, na kwa wagombea wa vyama mwisho ni 20 Aprili. Anayetoa lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa ndani ya wilaya. Chama chake hakijalishi. Hulipwa kwa hundi au mani oda yenye jina la mfuko wenyewe, Maine Clean Election Fund, au kwa kadi kupitia tovuti ya Tume.

Ukiisogeza ile fomu ya stakabadhi karibu na macho, utaona kila mstari una jina, anwani ya makazi, na sahihi ya kukiri kwamba fedha ni zake mwenyewe na hakuahidiwa chochote. Makosa yanajaa humo. Mtu anaandika sanduku la posta badala ya nyumba anayolala. Hundi imeandikwa jina la mgombea badala ya jina la mfuko. Kijana wa kujitolea anamwambia shangazi yake, "Weka sahihi tu, nitakulipia hiyo tano." Hilo la mwisho si kosa la karatasi, ni kosa la sheria: fedha lazima zitoke mfukoni kwa anayesaini. Waambie wanaokusaidia siku ya kwanza kabisa, na uwaambie tena siku ya pili.

Ukithibitishwa unapewa mgao wa mwanzo. Kila michango 15 ya ziada inamfungulia mgombea wa Baraza la Wawakilishi mgao mwingine, hadi migao minane, yaani michango 120 zaidi. Kwa Seneti ni 45 kwa kila mgao, hadi 360. Ni vizuri kukusanya ya ziada mapema wakati milango bado iko wazi kwako, hata kama huna hakika utahitaji.

Fedha hizo zinanunua nini?

Vipeperushi, posta, matangazo, mabango, chakula cha kawaida cha wanaojitolea, na maili za gari ukiwa na daftari la safari lenye tarehe, ulikotoka, ulikokwenda na sababu. Hazinunui nguo zako, matengenezo ya gari lako, wala ada ya kuhuisha leseni yako ya uuguzi, hata kama leseni hiyo ndiyo unayoitangaza.

Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Tunza risiti kila unaponunua, si mwisho wa mwezi. Ripoti huwasilishwa kwa vipindi, zikiwemo ya siku 11 kabla ya uchaguzi na ya siku 42 baada yake. Mhudumu wa afya ana faida hapa asiyoijua: amezoea kanuni kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Andika kampeni kama unavyoandika chati.

Ajira yangu inaniruhusu kugombea?

Inategemea anayekulipa. Muuguzi aliyeajiriwa na serikali ya shirikisho, kwa mfano katika hospitali ya maveterani ya Togus karibu na Augusta, hawezi kuwa mgombea katika uchaguzi wa vyama, na uchaguzi wa Bunge la Maine ni wa vyama. Sheria hiyo inaitwa Hatch. Likizo haisaidii, wala kugombea bila chama, maana uchaguzi wenyewe bado ni wa vyama. Mwajiriwa wa jimbo au mji ambaye mshahara wake wote unatoka kwenye fedha za shirikisho yuko katika zuio lile lile. Mbunge akibadili kazi katikati ya muhula na kuajiriwa Togus, atalazimika kuchagua: kazi au kugombea tena.

Hospitali nyingi za Maine ni mashirika yasiyo ya faida. Hayo yamekatazwa kabisa kuunga mkono au kupinga mgombea. Wewe kama mtu una haki yako, lakini barua pepe ya kazini, mashine ya kunakili, ukumbi wa idara na orodha ya simu za wafanyakazi si vyako. Ujumbe mmoja wa "njooni kwenye mkutano wangu" kutoka anwani ya hospitali unatosha kukuletea wewe na mwajiri malalamiko rasmi.

Kuhusu ruhusa ya kwenda bungeni: usidhani iliyotolewa muhula wa kwanza inajirudia yenyewe. Peleka barua upya mara tu unapoamua kutetea kiti, na omba jibu la maandishi linalosema zamu zako, bima yako ya afya na miaka yako ya utumishi vitakuwaje.

Naweza kuwaomba kura wagonjwa wangu?

Hapana. Tunajua jibu hili linauma, kwa sababu hao ndio wanaokufahamu vizuri kuliko wote.

Kwanza, sheria ya shirikisho ya faragha ya wagonjwa ya 1996 hairuhusu utumie taarifa za wagonjwa kwa kampeni bila idhini yao ya maandishi. Hii ni pamoja na kuchukua namba ya simu kutoka kwenye faili, kulinganisha orodha ya kliniki na daftari la wapiga kura, au kumwambia msaidizi wako, "Yule mama wa mtaa wa pili nilimhudumia, atanipa kura." Sentensi hiyo imeshatoa siri: imesema mama yule alikuwa mgonjwa.

Pili, hata pale sheria inaponyamaza, aliyelala kitandani hayuko huru mbele yako. Anakuhitaji umletee dawa ya maumivu saa mbili usiku. Ukimwomba kura, atasema ndiyo.

Mgonjwa akianzisha mwenyewe, "Dada nesi, nimeona bango lako," jibu liwe fupi: "Asante sana. Hapa kazini sizungumzi uchaguzi. Leo tuangalie afya yako." Halafu rudi kwenye kipimo ulichokuwa unachukua.

Mlangoni mambo yanageuka. Umebisha hodi, msaidizi wa kampeni yuko pembeni na karatasi, na mwenye nyumba anafungua: "Ee, ni wewe! Ile sindano uliyonichoma imenisaidia." Yeye ana haki ya kusema habari zake. Wewe huna haki ya kuziendeleza. Usiulize anaendeleaje na ugonjwa, usithibitishe tarehe. Sema umefurahi kumwona, endelea na habari ya uchaguzi, na mkumbushe msaidizi wako asiandike lolote la afya kwenye karatasi ya nyumba hiyo. Safu ya "maoni" katika orodha za milango ndiyo inayovujisha. Tumia alama za kuunga mkono, kupinga au kutoamua, basi.

Naweza kuvaa sare kwenye picha na kujiita nesi?

Sare ya kawaida ndiyo, lakini bila nembo ya mwajiri na bila kitambulisho shingoni. Usipige picha wodini. Ubao mweupe nyuma ya kitanda una jina la mgonjwa na jina la daktari wake, na kamera ya simu ya leo inasoma yote hayo hata picha ikiwa ndogo. Pigia nje, au kwenye chumba cha mafunzo ambacho si cha mwajiri wako.

Kuhusu jina la kazi, kuna tofauti ambayo jamii yetu haiizingatii. Katika mazungumzo yetu kila anayevaa sare na kumhudumia mzee anaitwa nesi. Kwa sheria, muuguzi ni mwenye leseni ya Bodi ya Uuguzi ya Jimbo. Msaidizi wa muuguzi, yaani CNA, yuko kwenye rejista nyingine. CNA akijiandika muuguzi kwenye kipeperushi amejitwalia cheo kisicho chake, na mpinzani atalipata hilo kwa dakika mbili kwa sababu leseni zinatafutwa mtandaoni bure. Kwa Kiswahili andika "msaidizi wa muuguzi" waziwazi. Ni kazi ya heshima na watu wengi wa Lewiston na Portland wanaoisoma karatasi yako wanaifanya.

Leseni yenyewe iwe hai. Huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na mwaka wa kampeni ni rahisi kuisahau.

Kwenye karatasi ya kura cheo hakiandikwi. Hakuna "Daktari" wala "Muuguzi": ni jina, ukoo ukitangulia, na mji unakoishi.

Wapiga kura wanasomaje rekodi yangu, na inapotoshwa vipi?

Kila kura iliyohesabiwa kwa majina iko kwenye tovuti ya Bunge, pamoja na ushahidi wa maandishi uliotolewa mbele ya kamati. Kamati za Maine ni za pamoja: maseneta na wawakilishi hukaa meza moja, na ile ya Afya na Huduma za Jamii ina wajumbe 13, maseneta 3 na wawakilishi 10.

Mtego mkubwa uko kwenye maneno. Kamati ikigawanyika hutoa ripoti mbili, moja ikisema mswada unafaa kupita na nyingine kwamba haufai. Barazani kura hupigwa kukubali ripoti fulani. Kwa hiyo "ndiyo" kwa ripoti ya "haufai kupita" ni kuuua mswada. Kipeperushi kinachosema "alipiga ndiyo kwenye mswada namba fulani" kinaweza kuwa kweli kwa herufi na uongo kwa maana. Mgombea atengeneze jedwali lake mapema: namba ya mswada, hoja iliyokuwa ikipigiwa kura, alivyopiga, na sababu kwa sentensi moja. Asipolitengeneza yeye, mpinzani atalitengeneza.

Mfano ulio karibu na wauguzi ni mswada LD 1639 wa kuweka idadi ya juu ya wagonjwa kwa kila muuguzi, ulioletwa na Seneta Stacy Brenner wa Scarborough, ambaye mwenyewe ni mkunga. Mwaka 2024 ulipita Seneti lakini haukuwa sheria. Wauguzi wengi waliutaka. Hospitali zilisema hazina watu wa kuajiri na zingefunga vitanda. Muuguzi anayetetea kiti ataulizwa jambo hili na pande zote mbili, na "ninawaunga mkono wauguzi" si jibu. Aseme ni idara gani, idadi gani, na hospitali ndogo isiyofikia idadi hiyo ifanywe nini.

Swali la pili litakuwa wodi za uzazi. Calais ilifunga yake 2017, Rumford na York 2023, Houlton 2025. Mwaka 2025 hospitali ya Inland ya Waterville ilifungwa yote. Mama wa Houlton anayeanza uchungu usiku wa Februari hana haja ya hotuba. Anataka kujua barabara ipi, gari lipi, na nani anampokea. Mbunge anayejua afya anatarajiwa kuwa na majibu hayo kwa wilaya yake, mji kwa mji.

Na kumbukeni kwamba kura za afya hurudi kwa wananchi wenyewe. Upanuzi wa MaineCare, bima ya afya ya umma ya Maine kwa wenye kipato kidogo (Medicaid), ulipitishwa kwa kura ya maoni Novemba 2017 kwa asilimia 59, na utekelezaji ukaanza Januari 2019. Sheria ya 2019 iliyoondoa misamaha ya chanjo ya shule kwa sababu za dini na falsafa ilipelekwa kwa wapiga kura Machi 2020, na zaidi ya asilimia 70 wakaiacha isimame.

Kupigia kura mswada wa wauguzi nikiwa muuguzi si mgongano wa maslahi?

Kwa kawaida si mgongano, iwapo faida unayoipata ni ile ile ya kila muuguzi wa Maine. Ni mgongano pale faida inapokuwa yako, ya familia yako au ya biashara yako kwa namna isiyowagusa wenzako, kwa mfano mswada unaolipa aina moja tu ya kituo na wewe ndiye mmiliki. Wenye kampuni za huduma za nyumbani, ambao katika jamii yetu si wachache, wawe waangalifu sana na viwango vya malipo vya MaineCare. Uliza Tume ya Maadili kabla ya kupiga kura.

Kila mwaka kabla ya 15 Februari mbunge anatangaza vyanzo vya kipato chake vya dola 2,000 au zaidi. Zamu za wakala wa wauguzi zinahesabiwa. Watu huzisahau kwa kuwa hulipwa na kampuni tofauti kidogo kidogo.

Mshahara unatosha kuacha zamu?

Haukusudiwi hivyo. Kwa miaka miwili yote ni kama dola 45,000, pamoja na posho za siku za kikao. Mwaka wa kwanza wa muhula kikao hufika hadi Juni. Wengi huchukua zamu za kuitwa za wikendi. Angalizo moja tu: usitoke zamu ya usiku Portland ukaendesha gari kama maili 60 hadi Augusta kupiga kura saa nne asubuhi. Panga zamu ya usiku iwe na siku nzima kati yake na kikao.

Mabango ya barabarani yana sheria gani?

Kwenye hifadhi ya barabara ya umma, bango linakaa wiki zisizozidi 12 kwa mwaka mzima, halizidi futi 4 kwa 8, na mawili yenye ujumbe ule ule hayakaribiani chini ya futi 30. Liandikwe jina na anwani ya aliyeliweka na tarehe za kuwekwa na kuondolewa. Wiki 12 ni za mwaka, si za kila uchaguzi: ukitumia 6 kabla ya mchujo wa Juni, umebakiwa na 6 tu kwa Novemba. Kila tangazo pia liseme nani amelilipia na kama mgombea ameliidhinisha.

Mimi si raia. Naweza kumsaidia?

Unaweza kujitolea bila malipo: kutafsiri, kupika, kupanga karatasi, kutembea naye milangoni. Huwezi kuweka sahihi kwenye fomu ya mgombea, kutoa mchango wa kufuzu, kujiandikisha wala kupiga kura. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuchangia fedha za kuanzia. Anayesubiri kupewa hifadhi ya kisiasa hawezi.

Tafadhali lichukulieni kwa uzito mkubwa. Kuweka alama ya "mimi ni raia" kwenye kadi ya mpiga kura, hata kwa kutoelewa Kiingereza, kunaweza kuvunja kesi ya hifadhi na kuleta amri ya kuondolewa nchini. Mtu wa kampeni akikupa karatasi usiyoielewa, usisaini. Na wewe mgombea, wafundishe wasaidizi wako kuuliza, "Umeandikishwa kupiga kura?" kabla ya kutoa kalamu.

Kura zinapigwaje?

Maine hutumia kura ya kupanga wagombea kwa ngazi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwenye mchujo wa Juni. Kwa uchaguzi mkuu wa Bunge la Jimbo haitumiki: mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata asipofika nusu. Wapiga kura wengi hulichanganya hili, kwa sababu siku hiyo hiyo ya Novemba wanawapanga kwa ngazi wagombea wa bunge la Washington.

Kura ya mapema ya karatasi haihitaji sababu. Iombe kwa karani wa mji, na imfikie kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Wenye zamu za saa 12 waipige hiyo. Saa za zamu na saa za vituo haziendani. Asiyejiandikisha anaweza kufanya hivyo siku ile ile kituoni, akiwa na ushahidi wa anakoishi.

Nikiamua kuacha baada ya mchujo?

Barua ya kujitoa ifike kwa Katibu wa Jimbo kabla ya saa 11 jioni, Jumatatu ya pili ya Julai, ndipo chama kiweze kuteua mwingine kufikia Jumatatu ya nne ya mwezi huo. Ukichelewa, wilaya inabaki bila mgombea wa chama chako. Fedha za Mfuko wa Uchaguzi Safi ambazo hazijatumika zinarudishwa, ripoti ya mwisho inawasilishwa, na mabango yaliyoko barabarani yanaondolewa na yule aliyeandika jina lake nyuma yake.